Mche Uliosalimia

Glavu zote mbili zilikuwa zimetundikwa ukutani, vidole vikining'inia chini, hakuna mkono ndani yake, na bado mstari wa kijani kwenye skrini ukapanda.

Severini Kihwele aliweka kikombe chake cha chai mezani taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua. Mstari ulipanda mara mbili, polepole. Ukapanda mara tatu, harakaharaka. Kisha ukalala. Alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Ukaanza tena. Mbili za polepole, tatu za haraka, kimya.

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Nje, upepo wa uwanda wa juu wa Malonje ulikuwa ukizungusha mapanga ya mitambo ya umeme juu ya nyasi zilizolowa ukungu. Ndani ya chumba hakuwamo mtu ila yeye. Yeye na mche.

Mche ulikuwa umelala kwenye kitalu chake, sinia refu la kioo lililolishwa kwa bomba maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa sukari, chumvi na vitu vingine ishirini na viwili. Mweupe wenye wekundu wa mbali, urefu wa kidole cha shahada, unene wa uzi wa kushonea viatu. Miezi saba nyuma ulikuwa kijipande cha ngozi kilichokatwa kwapani mwa mgonjwa. Seli za ngozi ile zilirudishwa utotoni kwa dawa, mpaka zikasahau kuwa zilipata kuwa ngozi, kisha zikaambiwa kwa dawa nyingine: kuweni neva. Zikawa. Severini mwenyewe ndiye aliyeziambia, na hapakuwa na mtu mwingine kusini mwa ikweta aliyewahi kuotesha mche mrefu kama ule. Alilijua jambo hilo, na hakuona haya kulitaja mbele za watu.

Lakini neva changa haijui lolote. Lazima ifundishwe. Ndiyo maana zikawapo zile glavu zenye nyaya: mtu mwenye mikono mizima huzivaa, akafumba ngumi, akafumbua, akashika kikombe, akaachia, mara mia nne kwa siku, na kila msogeo ukaingia kwenye mche kama somo. Mche uliohitimu hushonwa kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa, pale neva zake zilipokauka, na mkono uliolala ukaamka.

Mche hujibu. Ukiusukuma, nao husukuma. Mche hauanzi.

Severini alizima taa. Akazima friji la dawa. Akaitupa simu yake koridoni na kufunga mlango. Akakata umeme wa upepo na kuhamishia mitambo kwenye betri, kwa maana waya mbovu unaweza kudanganya hata mtu mwenye macho makali. Gizani, mstari ule wa kijani uliendelea. Mbili. Tatu. Kimya.

Mara ya kumi taa nyekundu iliwaka ubavuni mwa kitalu, na maneno yakatokea kwenye skrini, makavu kama tangazo la maji kukatika:

MCHE UMEJIANZIA. TAARIFA IMEFIKA BODI. BOMBA LITAFUNGWA SAA KUMI KAMILI JIONI.

Alikaa kwenye kiti. Kanuni ile aliijua. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi. Miaka minane iliyopita, katika maabara moja ya ng'ambo, mwanamke mmoja alishonewa mche uliokuwa umeanza kujianzia bila mtu kugundua. Mkono wake ukawa unaamka kabla yake. Ukawa unaachia alichokishika na kushika alichokiachia, mpaka mwenyewe akaomba ukatwe. Tangu hapo Bodi inayosimamia maabara za miche iliamua: mche unaojianzia ung'olewe siku hiyohiyo. Severini alikuwa akiisifu kanuni hiyo. Fupi, safi, haina porojo.

Ila sasa alikuwa anamwazia Fundi Kaoneka, mwenye ngozi ile, aliyelala chumba cha pili. Kuotesha mche mwingine kungechukua miezi saba. Ugonjwa ulikwisha kuila mikono ya mtu yule, ulikuwa umeanza kuparamia mbavu, na daktari wa mapafu aliyepita wiki iliyotangulia alikuwa amempa pumzi za miezi mitatu, minne akijaliwa.

* * *

Mama Nakazwe aliingia na kikapu chake mkononi. Alikuwa mkufunzi wa miche, mwanamke wa miaka sitini na ushei, aliyefinyanga vyungu tangu usichana. Walimwajiri kwa sababu mikono yake haikutetemeka hata chembe. Kiti chake kilitazama dirishani ili skrini isimpotezee utulivu. Kwa miezi saba hakuwahi kuona mstari wa kijani unafanya nini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona umezima taa, unamficha nani?"

"Umechelewa leo."

"Nimepitia kwa Fundi Kaoneka kumnyoa ndevu. Alikuwa anafanana na brashi yake mwenyewe ya rangi. Kuna nini? Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyefiwa."

"Njoo usikilize kitu."

Aliunganisha mche na spika. Neva ikipiga, spika hutoa mlio mdogo mkavu, kama bisi inayopasuka ndani ya sufuria. Chumba kikajaa mlio huo. Pa. Pa. Papapa. Kisha kimya.

Kikapu kilimtoka Mama Nakazwe mkononi. Magoti yake yakakunjika yenyewe, akachuchumaa palepale sakafuni, akakutanisha viganja vilivyobinuka kama bakuli mbili, na akapiga makofi. Mawili ya polepole. Matatu ya haraka. Makofi mazito, yenye sauti ya chini, yaliyotetemesha maji ya kitalu, ya mtu anayejua anampigia nani.

Spika ilinyamaza. Moja, mbili, tatu, nne. Tano. Sita. Halafu ukatoka mlio ambao Severini hakuwa ameusikia asubuhi yote: mfululizo mwepesi, mwororo, ukishuka taratibu mpaka ukaisha, kama mvua inayokatika juu ya bati. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mstari ulilala, umetulia.

Severini aliisogelea spika.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeitikia."

"Umeitikia nini?"

"Salamu, baba. Hukusikia? Kanisalimu vizuri, kama mtoto aliyelelewa."

Severini alitazama glavu ukutani, akamtazama mwanamke aliyechuchumaa. Alihisi hasira inapanda, na chini ya hasira hiyo kitu kingine ambacho hakukipa jina.

"Nani kamfundisha?"

Mama Nakazwe alijiinua kwa kushikilia ukingo wa meza.

"Usinifokee."

"Sijafoka."

"Unajiandaa. Nakujua." Alivuta kiti, akakaa. "Mimi kwetu Kalambo, sisi Wamambwe, mtu haingii penye kiumbe hai akaanza kukitumikisha bila kukisalimu. Siku ya kwanza mliniambia huyu yu hai. Yu hai, mlisema, usimtikise, usimwagie maji baridi. Basi kila asubuhi, kabla hujawasha mitambo yako, nilikuwa nachuchumaa hapa namsalimu. Nikishaitikiwa au nisipoitikiwa, naanza kazi."

"Na glavu ukiwa umezivaa."

"Zile glavu kuzifunga ni nusu saa. Nizivue nisalimu, nizivae tena?"

"Mama, kitalu hakilali. Mimi nikizima mitambo, chenyewe kinasikia. Umemfundisha kitu ambacho hakimo kwenye mtaala kwa siku mia mbili na kumi."

"Nimemfundisha adabu," alisema Mama Nakazwe. "Ninyi mmemfundisha kushika kikombe."

Severini alikuwa amekwisha kugeukia skrini na kufungua kumbukumbu, siku baada ya siku, tangu mche ulipokuwa mfupi kama punje ya mpunga. Makofi yalikuwapo. Kila asubuhi, saa mbili kasoro au saa mbili na kitu: mawili, matatu, halafu pengo la sekunde nne.

"Hapa ulikuwa unangoja nini?"

"Mwenyeji aitikie. Ukisalimu mfululizo bila kumpa mtu nafasi, hiyo si salamu, ni kelele."

Alisogeza kumbukumbu mbele. Mwezi wa kwanza, pengo tupu. Mwezi wa pili, tupu. Mwezi wa nne, ndani ya pengo, mtikisiko mdogo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuandika kwenye daftari kama uchafu wa umeme. Mwezi wa tano ulikuwapo tena, safari hii umekaa katikati ya pengo. Mwezi wa sita ulikuwa na umbo: mbili hafifu, tatu hafifu, zikidondoka na kuinuka kama mtoto anayejifunza kusimama. Kwa miezi mitatu mche ulikuwa unajaribu kuitikia, na yeye, Severini Kihwele, mwenye macho makali, alikuwa anaufuta kwa kichujio.

Na leo mgeni wa kila asubuhi alichelewa. Mche ukangoja, na alipokosekana ukaanza wenyewe.

Alitamani kusema jambo la kitaalamu. Kwamba ni mazoea tu ya seli. Kwamba hata moyo hupiga bila kufikiri. Maneno hayo yote alikuwa nayo, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililotosha kufunika alichokiona. Uzi mweupe wenye urefu wa kidole, usio na jicho wala sikio wala mdomo, ulikuwa umejifunza kwamba upande wa pili kuna mtu.

"Mbona taa nyekundu?" aliuliza Mama Nakazwe.

Akamweleza.

* * *

Fundi Masudi Kaoneka alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, kidevu kimenyolewa kinang'aa, mikono imelazwa mapajani kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa avishike. Alikuwa mwandishi wa mabango. Zama zile kila duka lilikuwa na herufi za mwanga zinazobadilika zenyewe, lakini toka Lushoto kwao mpaka Tunduma walikuwapo watu waliotaka jina lao liandikwe kwa rangi na brashi, na wakitaka hivyo walimtaka yeye.

Severini alimweleza yote, bila kupunguza.

Kaoneka alianza kucheka. Alicheka mpaka pumzi ikampungukia, Mama Nakazwe akamwinamisha mbele na kumsugua mgongo.

"Kwa hiyo," alisema alipopata hewa, "mnataka kunishonea mkono wenye adabu za Kimambwe. Mimi Msambaa. Nitarudi kwetu nipigie watu makofi kama niko kwenye harusi."

"Ungekuwa na bahati," Mama Nakazwe alisema. "Adabu za kwenu tumeziona. Jana umemwita muuguzi nguruwe."

"Alinipa uji wa baridi."

"Fundi," Severini alisema, "sikiliza. Saa kumi jioni bomba linafungwa. Mche utakufa."

Kicheko kilimtoka Kaoneka usoni.

"Na mimi?"

Severini alitazama sakafu.

"Sema, bwana mdogo. Huwa una maneno mengi."

"Mwingine utachukua miezi saba."

Kaoneka aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa umbali wa mji anaoujua. Walisikia mapanga ya upepo yakizunguka nje.

"Kuna njia moja," Severini aliendelea. "Mwenye seli anaweza kupinga. Pingamizi likiingia kabla ya saa kumi, Bodi hairuhusiwi kugusa bomba kwa siku arobaini, mpaka isikilize shauri. Katika siku arobaini wanaweza kuruhusu upasuaji. Ila pingamizi lazima lisainiwe kwa mkono wa mwenye seli. Dole gumba linakubaliwa mbele ya hakimu tu, na hakimu yuko Laela mpaka Jumatatu."

"Nisaini kwa nini sasa? Kwa meno?"

"Wiki ijayo tulipanga majaribio ya ngozini. Tuyafanye leo. Neva zako hazijafa zote, zimebaki chache zinazonong'ona. Naweza kuuchukua mnong'ono huo shingoni kwa waya, niupitishe kwenye mche, na kinachotoka kwenye mche nikilete kwenye misuli ya mkono. Ikikubali, utashika kalamu."

Kaoneka alimkazia macho, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshinda maisha yake akipima kama mstari umenyooka.

"Yaani mshitakiwa ndiye anishikie kalamu nimtetee."

"Ndiyo."

"Hebu nisogezeni."

* * *

Ilikuwa saa nane na nusu walipomaliza kufunga nyaya. Kiti cha Kaoneka kilikuwa ubavuni mwa kitalu, karibu kiasi kwamba angeweza kuuona mche kupitia kioo. Aliutazama muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni seli zako," Severini alisema.

"Sikukuuliza hivyo."

Mama Nakazwe alimpachika kalamu kati ya vidole na kumwekea karatasi juu ya ubao. Bodi ilikuwa bado inataka karatasi; mambo mengine hayakubadilika. Severini alisimama penye skrini. Sasa mistari ilikuwa miwili: wa njano, mnong'ono wa neva za Kaoneka zilizosalia, na wa kijani, mche.

"Jaribu kufumba kidole."

Mstari wa njano ulitikisika kidogo tu. Wa kijani ulikuwa unaelekea kuanza salamu yake, mbili za polepole, na Severini aliona unakatika katikati. Ukanyamaza. Kama mtu anayezungumza akasikia hatua za mwingine mlangoni. Njano ikatikisika tena. Kijani kikainuka nyuma yake, kinene, chenye nguvu, na kidole cha shahada cha Masudi Kaoneka, ambacho hakikuwa kimesogea kwa mwaka mmoja na miezi mitano, kikajikunja juu ya kalamu.

Kaoneka alikuwa anatazama kidole kile mdomo wazi, na machozi yalikuwa yanateremka kwenye mashavu yaliyonyolewa bila yeye kuyajali.

"Tena," alisema.

Aliandika. Herufi ya kwanza ilimchukua dakika tatu. Severini hakuyaondoa macho kwenye mistari, na alichokiona kilimfanya asahau saa. Kijani kilikuwa na nguvu mara hamsini ya njano. Kingeweza kukimbia na mkono wote kama farasi aliyekatika kamba. Hakikukimbia. Kila mara kilisubiri mnong'ono, kikaubeba, kikasimama. Kaoneka alipochoka katikati ya jina na njano ikazimika kabisa, kalamu ilibaki juu ya karatasi, haitetemeki, haiendi, mpaka alipopata pumzi na kuanza upya. Hakuna aliyeufundisha mche kumsubiri Kaoneka. Ulikuwa umefundishwa tu kwamba mwingine naye apewe nafasi, na ukaihamishia adabu hiyo kwa mtu ambaye haukuwahi kukutana naye.

M. Kaonek. Na a ya mwisho, ikipanda na kushuka.

Kaoneka alishusha pumzi. "Nimemaliza. Nimekwisha kabisa, mniondolee kalamu."

Njano ililala. Mama Nakazwe alinyoosha mkono kuichukua kalamu, na kabla hajaigusa, mstari wa kijani ukainuka peke yake, mara moja, mrefu, mlaini. Mkono ukateleza. Kutoka kwenye tumbo la ile a ya mwisho ukatoka mkia, ukapita chini ya jina lote, ukajipinda juu kidogo pembeni na kukoma.

"Huo sikuuvuta mimi," alisema Kaoneka.

"Ndivyo unavyosaini siku zote?" aliuliza Severini. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sijawahi kuweka mkia. Mkia ni ulevi wa wanafunzi." Kaoneka aliinamisha kichwa, akafinya jicho moja. Aliuchunguza kama alivyochunguza kazi za vijana waliokuja kuomba kufundishwa naye, na waliokuja walikuwa wengi, na waliosifiwa walikuwa wawili. "Lakini umekaa. Jina lilikuwa limeinamia kulia, kwa sababu nilichoka. Angalia unavyolibeba. Bila huo lingeanguka."

"Wewe ungeuweka?"

"Nisingewaza. Yeyote aliyeuvuta ana jicho, na hana hata macho."

Mama Nakazwe alikuwa amekwisha kuchuchumaa tena. Hakupiga makofi. Alikaa tu vile, viganja vimekutana, kama anavyokaa mtu mbele ya jambo lililomzidi kimo.

Severini aliichukua karatasi. Ilibaki sehemu ya shahidi, mistari miwili iliyochapwa na mahali pa kusaini. Alikuwa ameisaini fomu ya aina ile mara nyingi katika mambo madogomadogo, na hakuwahi kuisoma. Sasa aliisoma.

Nathibitisha kuwa mwenye seli amesaini mwenyewe, bila mkono wa mwingine.

Akaisoma mara ya pili, kwa sauti.

"Saini basi," alisema Kaoneka. "Saa ngapi?"

"Tisa na ishirini."

"Saini."

"Nikisaini naapa kwamba hapa hakuna mwingine. Kwamba huu mche ni nyama yako kama kucha yako ilivyo nyama yako."

"Si ndiyo sayansi yenu hiyo? Seli zangu, ngozi yangu, kwapa langu."

"Nilichokiona si kucha."

"Nami nilichokiona nimekiona." Pumzi ya Kaoneka ilikuwa fupi, akaigawa kwa maneno machache machache. "Bwana mdogo, sikia. Mimi nataka kuishi. Sina aibu ya kulisema. Usiposaini, saa kumi huyu anakufa na mimi namfuata kabla ya mavuno. Ukisaini, wote tunapona. Maneno mawili kwenye karatasi. Andika kuwa hayupo, tuendelee naye kuwapo."

"Na wakija watafiti wengine," Mama Nakazwe alisema kutoka sakafuni, bila kugeuka, "wakakuta karatasi ya Daktari Kihwele, bingwa, inasema ndani ya miche hakuna mtu? Watang'oa mingapi wakiwa wameshika karatasi hiyo?"

"Mama, usinitie mzigo."

"Sijakutia. Umeuokota mwenyewe, mimi nakuuliza unaupeleka wapi."

Severini alikwenda dirishani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na maisha yake yote alikuwa hodari wa kujua lililo sawa kabla ya wenzake kumaliza kuuliza swali. Sasa aliligeuza neno na kuligeuza. Akisaini, ataokoa kiumbe kwa kuapa kuwa hakipo. Asiposaini, ataheshimu kilichopo kwa kukiua, na mtu pamoja nacho. Kiburi chake, ambacho kilimsaidia katika mengi, kilikuwa kimekaa kifuani hakina la kusema. Alijisikia mdogo, na ajabu ni kwamba udogo ule haukumuumiza. Ulikuwa kama kusimama chini ya anga ya usiku wa kiangazi, isiyokuhitaji wala kukufukuza.

Alirudi mezani. Akaitwaa kalamu ileile. Akakata maneno manne ya mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka:

Jina ameliandika mwenyewe. Mkia ameuweka mwenzake. Nilikuwapo, nimeona. S. Kihwele.

Kaoneka aliangalia, akafumba macho.

"Umeniua."

"Labda," Severini alisema. "Ila sikukudanganya wewe wala yeye."

Akaipiga picha karatasi na kuituma.

* * *

Simu ililia saa tisa na dakika arobaini na nane. Alikuwa Profesa Mwaipaja, mwanamama mkuu wa maabara, aliyekuwa Mbeya kwenye kikao cha Bodi, na ambaye peke yake alikuwa na ufunguo wa mabomba. Severini aliiweka kwenye spika.

"Kihwele. Umenichorea fomu."

"Ndiyo, Profesa."

"Uko mzima?"

"Niko mzima. Nakutumia kumbukumbu za miezi saba, uzitazame kabla hujaamua. Tazama mapengo, usitazame vilele. Kisha utazame mistari miwili ya leo, dakika ya mwisho."

Walisikia viatu vyake vikitembea, mlango ukifungwa, kelele za watu zikififia. Halafu hawakusikia kitu. Dakika zilipita. Kwenye ubavu wa kitalu saa nyekundu ilionyesha tatu zimebaki. Mama Nakazwe alishika kiganja cha Kaoneka. Severini alijikuta ameweka mkono wake juu ya kioo, kama mtu anayeweza kuzuia bomba kwa mkono.

"Ni nani aliyeandika huu mkia?" Sauti ya Profesa ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya msichana anayestaajabu.

"Hatujui, Profesa."

"Mgonjwa alikuwa amenyamaza. Njano iko chini kabisa."

"Ndiyo."

"Kama yuko mmoja, sahihi hii ni halali na siwezi kufunga." Alikuwa anazungumza polepole, anapita juu ya kila neno kama daraja la miti. "Kama wako wawili, sahihi si halali, ila nikifunga naua mtu. Kihwele, umeniandikia karatasi isiyo na mahali pa kuwekwa. Bodi yote iko hapa nje ya mlango, na hakuna hata mmoja atakayejua aiingize faili gani."

"Ndiyo, Profesa."

"Mpaka wajue, hakuna anayegusa bomba. Nimeondoa amri. Nakuja huko. Msimfanyie kitu chochote mpaka nifike, mnanisikia? Wote wawili, msiwafanyie kitu."

Taa nyekundu ilizimika. Bomba liliendelea na mngurumo wake mdogo, na maji ya uvuguvugu yakaendelea kupita juu ya uzi ule mweupe. Shauri lilikuwa linakuja, na siku zake, na wanasheria wake; pumzi za Kaoneka zilibaki vilevile, miezi mitatu, minne akijaliwa. Lakini saa kumi ilifika ikapita kama saa nyingine yoyote.

Kaoneka alikuwa amelegea kitini, amechoka mpaka midomo imekuwa ya kijivu. Severini aliitazama saa ya kuhesabu muda wa nyaya. Zilikuwa zimekaa kwa saa moja na nusu. Kupita hapo mche ungechoka vibaya na misuli ingeumia. Alivaa glavu za mpira, akainama juu ya shingo ya mgonjwa, akaishika ncha ya waya wa kwanza.

"Fundi, natoa nyaya sasa. Hutaumia."

Kaoneka hakufumbua macho.

"Mimi nimekubali," alisema. "Muulize na mwenzangu."

Severini aligeuka kukitazama kitalu. Alisimama hivyo, waya mkononi, na shahada zake tatu, akitafuta neno la kwanza.